Mama, Sasa Pumzika



Katika majumba yetu mna neno linalotamkwa kwa mapenzi na kupokewa kwa huzuni: "Mama, sasa pumzika." Kijana aliyepata kazi Dar es Salaam anarudi Tabora kwa likizo, anamkuta mama yake mwenye miaka sitini na kitu ameinamia ukili barazani. Anaona haya mbele ya majirani. Ukindu unatiwa stoo, cherehani inauzwa. Mama huachiwa televisheni na tasbihi, kisha watu hustaajabu kwamba kabla mwaka haujaisha amekuwa mzito wa mwendo na mwepesi wa kulalamika.

Hoja inayotolewa aghalabu ni ya dini: umri wake ni wa ibada. Tuitazame. Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alikuwa mashuhuri kwa saumu na sala, na ndiye huyo huyo aliyekuwa akitengeneza ngozi na kushona kwa mikono yake, kisha akatoa sadaka kile alichokipata. Mtume (s.a.w.) aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata upesi ni mwenye mkono mrefu kuliko wenzake, nao wakawa wakipimana mikono. Zaynab alipotangulia kufariki, mwaka wa 20 Hijria, ndipo walipofahamu kuwa urefu ule ni wa kutoa. Kazi ile haikumpunguzia ibada. Ndiyo iliyomwezesha kutoa.

Tena Surat an-Nisaa, aya ya 32, imempa mwanamke fungu katika alichokichuma. Cherehani ya mama ni mali yake. Anayeiuza bila idhini yake, hata kwa nia njema, amegusa mali ya mtu. Sisi wa kamati za misikiti hulisema hili mara chache mno, pengine kwa kuwa wanaolitenda ndio wanaotuchangia saruji.

Wako pia wanaodhani kwamba kubuni ni kazi ya ujanani. Kiswahili kilichopanda na misafara kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, kisha kikaendelea mpaka Ujiji, kilikuwa kimekwisha kupata watunzi wanawake huko pwani. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mnamo 1858, akiwa mjane tena mgonjwa, ili amwachie binti yake wasia. Miaka michache baadaye alifariki. Utendi huo unasomwa hata leo.

Na hapa kwetu, habari za misafara husimuliwa kwa majina ya wanaume na ya wageni waliokaa Kwihara. Lakini wanawake wa Kinyamwezi nao walitembea njia ile, wakiwa na vyungu na mizigo vichwani. Wajukuu wao ndio tunaowaambia wakae kitako.

Yuko bibi mmoja, jirani yetu, aliyepumzishwa hivyo baada ya kutoka eda. Miaka miwili hakushika unyuzi. Siku moja binti wa madrasa alimwendea na ukili uliompotea njia, akitaka kujua wapi rangi nyekundu inaingia. Bibi akaufumua wote, akaanza upya. "Nilidhani vidole vimesahau," aliniambia baadaye. Mwezi uliofuata alimaliza msala, na mchuuzi alipompa bei ya dhihaka akamjibu: "Kwa bei hiyo, mwanangu, kaswalie kiroba." Mchuuzi akaongeza. Watoto wake waliposikia walinuna kidogo, kisha mmoja akamtumia fedha za kununulia rangi.

Kila Alhamisi baada ya Alasiri bibi huyu sasa hufundisha mabinti katika baraza ya madrasa: kuchambua ukindu, kutia rangi, kusuka, na kushona ukili hadi ukawa mkeka. Anayetaka kumleta bintiye amlete na fungu moja la ukindu mkavu. Ada ameipanga bibi mwenyewe, kamati haikuulizwa.