Hofu ya Vijana Yafaa Isomwe, Isitibiwe

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Kijana wa chuo kikuu nchini Kenya, hata hivyo, huambiwa kila uchao asitazame. Akisema kwamba hajui atafanya kazi gani baada ya mahafali, huambiwa kuwa ana haraka. Akisema kwamba mashine imeanza kuandika, kutafsiri na kusahihisha, yaani kutenda yale yale aliyoyasomea kwa miaka minne, huambiwa kuwa teknolojia haijawahi kumdhuru mtu mwenye bidii. Akiuliza kodi anayotozwa mzazi wake huishia wapi, huambiwa kuwa ametumwa. Hatimaye, usingizi ukimpaa, huelekezwa kwa mshauri nasaha, naye mshauri, kwa nia njema kabisa, humfundisha namna ya kuvuta pumzi.

Hapana ubaya katika kuvuta pumzi. Tatizo ni kwamba hofu inayozungumziwa hapa si homa iliyozuka kichwani mwa kijana bila sababu. Ni hitimisho alilolifikia baada ya kusoma mambo yaliyotendeka mbele ya macho yake, tena mambo yenye tarehe.

Mathalan, kabla ya programu ya ChatGPT kuzinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, vijana wengi wa Kenya waliohitimu vyuo, hususan katika miji ya Nairobi na Eldoret, walijikimu kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na tasnifu. Haikuwa kazi ya kujivunia. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka wa 2022 iliyoharamisha uuzaji wa kazi za aina hiyo kwa wanafunzi wa England, na hakuna mhadhiri mwenye dhamira safi atakayeitetea. Hata hivyo, iliwalipia vijana hao kodi ya nyumba na kuwasomeshea wadogo zao. Mashine ilipokuja, ikawa inaandika insha hizo kwa dakika moja, bila malipo. Hapakuwa na chama cha wafanyakazi cha kulalamika wala waziri wa kutoa rambirambi, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa na jina katika kumbukumbu zozote za serikali.

Kwa upande mwingine, wapo walioilea mashine hiyo. Mwezi wa Januari 2023, jarida la TIME la Marekani lilifichua kuwa wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kubainisha matini za ukatili na uchafu usiotamkika, programu ipate kujifunza kuziepuka. Ama kweli kijana wa Kenya aliingia katika historia ya akili bandia kupitia milango miwili: wa kwanza ni ule wa kuifunza mashine kwa ujira wa kijungujiko, na wa pili ni ule wa kuondoshwa na mashine iliyokwisha kufunzwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili huenda akadhani kwamba hayo ni ya wengine, maadamu yeye anasomea ualimu na mtoto wa darasa la saba hawezi kufunzwa ngeli na kompyuta peke yake. Na ageukie basi yaliyowapata waliomtangulia. Walimu wanagenzi walioajiriwa mwaka wa 2023 kufunza katika shule za sekondari msingi walipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya ajira iliamua kuwa mpango huo ulikiuka haki zao. Mwezi wa Mei walikuwa barabarani wakiandamana. Takribani 46,000 kati yao hawakupata ajira ya kudumu hadi Januari 2025. Katika mkasa huo wote hapakuwa na akili bandia hata chembe. Palikuwa na bajeti, na bajeti ni siasa.

Ndiyo maana inapotosha kuzitenga hofu hizi mbili, ile ya mashine na ile ya utawala, kana kwamba moja ni ya wanasayansi na nyingine ni ya wanaharakati. Mashine haimfuti mtu kazi. Anayemfuta ni mtu mwingine aliyekaa mahali fulani, akapiga hesabu, akaona kuwa mashine ni nafuu, na hakukutana na sheria ya kumzuia wala ya kumtaka amlipe fidia anayeondoka. Swali linaloibuka ni: sheria hiyo huandikwa na nani, na kwa lugha gani?

Swali la lugha si la kupamba hoja. Mswada wa Fedha wa 2024 uliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ilhali ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kukifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ndani ya Mswada huo mlikuwa na pendekezo la kuutoza mkate ushuru wa asilimia 16 na magari kodi ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Muuza mboga wa Gikomba hakuwa na njia ya kuyajua hayo kwa kuusoma. Waliomsomea ni vijana waliobatizwa jina la Gen Z. Waliyafafanua mapendekezo hayo kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama katika video fupi zilizosambaa simuni. Wengine wakaunda programu ya akili bandia iliyojibu maswali ya raia kuhusu vifungu vya Mswada. Mashine iliyoogopwa ikageuzwa kuwa mkalimani.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge liliupitisha Mswada, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, risasi zikarindima. Siku iliyofuata Rais akakataa kuutia sahihi. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya miezi ile. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nchini Kenya ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa nyara au kutoweka tangu Juni. Miongoni mwa waliochukuliwa mwezi ule wa Desemba walikuwamo vijana waliosambaza picha za kumkejeli Rais, nyingine zikiwa zimeundwa kwa akili bandia na kumwonyesha akiwa katika jeneza. Baadhi yao waliachiliwa Januari 2025. Picha hizo hazikuwa na staha, hilo halina ubishi. Lakini mtu akikosa staha huitwa baraza la wazee, au hushtakiwa mahakamani mchana kweupe; hatiwi garini na watu wasiojitambulisha. Kijana aliyeyaona hayo akaogopa hajawa mgonjwa.

Sasa idara za Kiswahili zina jambo la kujibu. Ile kazi ya Juni 2024 ilikuwa tafsiri, na wengi walioifanya hawakuwahi kuketi katika somo la nadharia za tafsiri. Walikosea istilahi hapa na pale, wakaita kodi ushuru na ushuru kodi, lakini walifika kwa wakati. Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana iwapo isemwe akili bandia, akili mnemba au akili unde. (Mjadala huo una uzito wake: bandia ni neno la noti na dawa, na anayelisikia hutarajia kutapeliwa. Pengine si vibaya akae macho.) Mkakati wa Kitaifa wa Akili Bandia wa 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Machi 2025, nao uliandikwa kwa Kiingereza. Anayetaka kujua serikali inaikusudia nini kazi yake ya baadaye sharti kwanza avuke mto huo.

Yapo madai kwamba mashine yenyewe itaivusha jamii, kwa kuwa sasa hutafsiri Kiswahili papo hapo. Yeyote aliyesahihisha insha zilizoandikwa na mashine anaufahamu ukweli wa nusu uliomo. Sentensi husimama wima, viambishi vya upatanisho mara nyingi huwa sahihi, kisha ghafla huzuka methali ambayo mhadhiri wa fasihi simulizi hajaisikia Lamu wala Vanga, na ambayo, ikichunguzwa, ni msemo wa Kiingereza uliovishwa kanzu. Katika insha hilo ni kichekesho. Katika kifungu cha sheria ya ardhi ni mtu kupoteza shamba. Pana kazi hapo, tena ya miaka mingi, ya kuhakiki, kusanifu na kusahihisha, na hakuna anayeiweza zaidi ya mwanafunzi aliyelala akiwaza ngeli na istilahi. Ila haitakuwa kazi mpaka ilipwe kama kazi. Vinginevyo itafanywa kwa dola 2 kwa saa, na mlango ule wa kwanza utafunguliwa upya.

Kulipwa kwake ni jambo la kudaiwa, wala si la kusubiriwa. Wa kudaiwa wa kwanza ni Bunge, ambalo lina lugha mbili rasmi na huchapisha miswada yake kwa moja. Wa pili ni vyuo vikuu vyenyewe: mwanafunzi wa mwaka wa nne huandika mradi wa utafiti unaosomwa na watu wawili kisha unawekwa kabatini, na hakuna kanuni ya kielimu inayozuia mradi huo kuwa tafsiri ya sheria, yenye faharasa na maelezo, iliyohakikiwa na mwanasheria. Mswada wa Fedha hutakiwa kufikishwa bungeni kila mwaka ifikapo mwisho wa Aprili, na kuamuliwa kabla ya Juni kwisha. Hiyo ni miezi miwili. Darasa moja la tafsiri lenye wanafunzi thelathini, likigawana kurasa, laweza kuumaliza katika wiki ya kwanza na kuzitumia zilizosalia kubishana na mashine kuhusu methali zake.