Bakteria wanaokula mafuta: Waogoni walipigwa changa la macho

Wadau, kila meli au bomba likimwaga mafuta mahali, hazipiti siku mbili tatu utasikia mtaalamu anasema msiwe na wasiwasi, kuna bakteria wanakula mafuta, mazingira yatajisafisha yenyewe. Mimi nasema hivi: bakteria hao wapo kweli, si hadithi. Ila maneno hayo hayo yameshaacha watu wanakunywa sumu, na mfano ninao: Ogoni, kule Nigeria.

Kwanza tuelewane kuhusu hawa bakteria. Mafuta ghafi yalitokana na viumbe vya kale, kwa hiyo wako vijidudu udongoni na baharini ambao kwao hicho ni chakula. Wanayavunjavunja taratibu mpaka yanabaki maji na hewa ukaa. Lakini chakula peke yake hakitoshi. Wanataka oksijeni, unyevu, halafu naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea kama ya shambani. Meli ya Exxon Valdez ilipopasuka Alaska mwaka 1989 na kumwaga lita kama milioni 41, jamaa walinyunyiza mbolea ufukweni ili kuwapa nguvu bakteria wa pale pale. Kazi ikaenda kasi. Mwaka 2001 watafiti wakachimba mashimo kwenye fukwe za eneo hilo, wakakuta mafuta bado yapo chini ya mchanga na mawe. Huko chini hewa haifiki vizuri.

Shikeni hilo la hewa, maana ndilo lililowaumiza Waogoni.

Shell ilichimba mafuta Ogoni tangu miaka ya 1950 hadi 1993, wananchi walipochachamaa ikaondoka. Mabomba yakabaki yanapita, na kumwaga. Njia ya kusafisha ya kampuni yake tanzu, SPDC, ilikuwa hii: lima udongo wa juu, weka mbolea, waachie bakteria. Bei poa kabisa. Hoja yao ilikuwa kwamba chini kuna udongo wa mfinyanzi, mafuta hayawezi kushuka.

Agosti 2011 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, likatoa ripoti. Yameshuka! Sehemu 49 yalikutwa kwenye kina cha mita 5 au zaidi. Kati ya maeneo 15 yaliyochunguzwa ambayo SPDC ilisema imeshayasafisha, 10 bado yalikuwa na uchafu unaozidi viwango vya serikali na vya kampuni yenyewe. Pale Nisisioken Ogale watu walikuwa wanakunywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayoleta saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha WHO. Na hapo Ogale bomba la jirani lilikuwa la shirika la serikali, NNPC, kwa hiyo msidhani ni wazungu peke yao.

Kilichonishangaza zaidi ni wakaguzi wa serikali. Ripoti inasema walitegemea usafiri wa makampuni ya mafuta hayo hayo kufika kwenye tukio. Sasa hapo utamkagua nani?

UNEP ilikadiria kusafisha Ogoni kutachukua miaka 25 mpaka 30, na dola bilioni 1 za kuanzia. Uzinduzi ukafanyika Juni 2016, miaka karibu mitano baadaye. Machi 2025 Shell ikakamilisha kuiuza SPDC kwa kundi la Renaissance.

Mimi sina ugomvi na bakteria. Udongo ukichimbuliwa mpaka chini, ukatandazwa, ukageuzwa mara kwa mara na kupimwa maabara, wanafanya kazi, tena joto letu linawafaa kuliko baridi ya Alaska. Ila hiyo ni kazi ya pesa na ya miaka.

Na hili linatuhusu. Bomba la Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na mafuta ya Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba lazima yapashwe moto ili yatembee. Siku likivuja porini, nani atachimba mita 5 kupima, na atafika pale kwa gari la nani? Wadau wa Tanga, Singida, Kagera na Hoima, kuna aliyewahi kuonyeshwa huo mpango kwenye mkutano wa kijiji? Tiririkeni hapo chini.