ALIYEITWA NA ARUDISHIWE MWIKO WAKE

Serikali yo yote inapomwita fundi aache kazi yake na kuvaa sare ya askari kwa muda, serikali hiyo imekopa. Imekopa mikono iliyofunzwa kwa miaka mingi, na mkopo hulipwa. Twasema hayo mapema kwa sababu wako wanaodhani kwamba askari wa akiba akishapewa mshahara wa siku alizotumika, basi hana tena cha kudai. Kwa karani mwenye meza yake inayomngojea, huenda maneno hayo yakawa karibu na kweli. Kwa mwashi, seremala, fundi bomba na fundi umeme si kweli hata kidogo. Mfano wetu ni Marekani, nchi iliyowatumia sana mafundi wa namna hii, na iliyoliandikia jambo hili sheria.

Japani ilipoipiga Pearl Harbor mwezi wa Disemba 1941, jeshi la majini la Marekani lilihitaji gati, maghala na viwanja vya ndege katika visiwa vya Pasifiki. Mafundi raia hawakufaa kupelekwa huko, kwani raia akishika bunduki mbele ya adui hana hifadhi ya sheria za vita. Basi mwanzoni mwa 1942 Admirali Ben Moreell akaunda vikosi vya wajenzi wenye silaha, vikaitwa Seabees, jina litokanalo na herufi C na B, na ambalo likitamkwa kwa Kiingereza ni kama kusema nyuki wa bahari. Wa mwanzo hawakuwa vijana. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 37, walitoka katika fani zaidi ya 60, na waliandikwa katika akiba ya jeshi la majini. Cheo cha mtu kilipimwa kwa ujuzi aliokuja nao, na hilo ni jambo la insafu. Hadi vita vilipokwisha mwaka 1945 watu zaidi ya 325,000 walikuwa wamepita katika vikosi hivyo.

Ila insafu hiyo haikumfikia kila mtu. Kikosi cha 34 kilikuwa cha mafundi na vibarua weusi, na maofisa wake walikuwa weupe. Kilifanya kazi miezi 20 katika Visiwa vya Solomon, kikarudi nyumbani, na watu wake wakakuta kwamba vyeo vya juu vya askari wa kawaida vimefungwa kwao, wawe na ustadi gani. Mwezi wa Machi 1945, huko Port Hueneme, California, watu karibu 1,000 walikataa chakula kwa siku mbili. Hawakuacha kazi, wala hawakumvunjia mtu heshima. Walikwenda kazini na njaa yao. Mkuu wa kikosi akaondolewa. Tunaomba kila msomaji azingatie namna walivyofanya, kwani mtu aliyeshika zana na kuendelea kujenga huku akidai haki yake ni vigumu kumwita mvivu au mwasi.

Ama khabari ya kurudi kazini, tuanze na Abraham Fishgold, fundi wa kuchomea vyuma katika chelezo cha Brooklyn. Alitoka jeshini, akarudishwa kazini, kisha mwaka 1945 akapumzishwa siku kadhaa bila ya ujira huku wenziwe wasiokwenda vitani, lakini wenye miaka mingi zaidi kazini, wakiendelea. Alishitaki. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilimshinda kwa siku zile, lakini katika hukumu hiyo hiyo iliweka kanuni inayotumika mpaka leo: arudiye harudi pale alipoondoka, bali pale ambapo angefika lau asingeondoka. Miaka yake ya jeshi ni miaka ya kazi.

Sheria ya 1994 imeishika kanuni hiyo. Askari wa akiba wa kawaida hufanya mazoezi siku mbili kila mwezi na wiki mbili kila mwaka, lakini aweza kuitwa kwa muda mrefu, na wengi waliitwa baada ya Septemba 2001. Mwajiri hulazimika kumrudisha ikiwa jumla ya muda wake jeshini haikupita miaka 5, na aliyetumikia zaidi ya siku 180 ana siku 90 za kuomba kazi yake. Ni sheria nzuri, wala hatuoni haya kusifu kizuri cha wengine.

Sasa tuitazame kwa jicho la fundi. Sheria hiyo humwachilia mwajiri ikiwa kazi ilikuwa ya muda mfupi, isiyotarajiwa kuendelea. Na kazi ya ujenzi ni nini, kama si hiyo? Nyumba huisha. Mwashi aliyeitwa msingi ukichimbwa hurudi na kukuta watu wamehamia, mapazia madirishani. Kwa waliomo katika vyama vya mafundi vinavyogawa kazi, pengo hilo limezibwa, kwani chama chenye madaraka ya kuajiri huhesabiwa ndicho mwajiri. Lakini fundi anayejitegemea, mwenye sanduku lake la zana na wateja wake wachache, hana mwajiri wa kumrudisha. Miezi 9 akiwa mbali, wateja wamekwenda kwa mwengine, na hapana mahakama itakayowaamuru warudi.

Mambo haya si ya mbali kama yanavyoonekana. Seabees wamepata kufanya kazi Manda Bay, karibu na Lamu, katika pwani yetu hii hii. Na visiwani mwetu wengi wa mafundi ni wa namna ya mwisho: leo ukuta Bububu, kesho paa Wete, mapatano kwa mdomo, na ujira wa Alkhamisi. Wamo miongoni mwao waliopita mafunzo ya mgambo. Fundi kama huyu, hata akinakiliwa sheria ya Marekani neno kwa neno, haitamfaa.

Tunalotaka sisi ni kwamba popote fundi wa akiba atakapoitwa, muda wake uandikwe katika cheti kinachotaja kazi aliyoifanya, fundi umeme aliyetandaza nyaya kambini asirudi akaambiwa hana ujuzi. Na asiye na mwajiri alipwe fidia ya kazi aliyoiacha nusu, kwa kipimo kinachojulikana kabla hajaondoka. Wawakilishi wetu wana haki ya kuliuliza hili Barazani. Ili waulize kwa hoja, tunayaomba matawi yenye waashi, maseremala na mafundi bomba yawakalishe chini wanachama hao, wahesabu ni kazi ngapi mtu huzikosa akiwa mbali miezi mitatu, na hesabu hizo zifikishwe kwa makatibu wa matawi zikiwa zimeandikwa.