Instansi ikigoma kuondoka, dawa si kufomati

Jamani, huu ugonjwa wa kufomati umetuzidi. Instansi ya SQL Server ikikataa kuondoka, fundi anaingia kwenye rejista ya Windows na kufuta kila chenye jina hilo. Ikishindikana, anafomati kompyuta nzima. Mwenye duka anaambiwa eti ni virusi. Virusi gani hao?

Kwa asiyejua, instansi ni seva kamili ya hifadhidata. Kompyuta moja hubeba kadhaa, kila moja na jina, huduma na folda yake. Humo ndimo mna mauzo, mishahara na madeni ya wateja. Si mchezo wa karata huo, wa kufutwa ovyo.

Kinachoniudhi ni kwamba sababu mara nyingi imeshaandikwa. Ndani ya Program Files, fungua Microsoft SQL Server, halafu folda yenye namba ya toleo (150 ni la 2019, 160 ni la 2022), halafu Setup Bootstrap, halafu Log. Kuna faili la Summary.txt. Lisome! Ukikuta kosa namba 1612, Windows imekosa kifurushi kilichotumika kusakinisha. Vifurushi hivyo hukaa C:\Windows\Installer, folda iliyofichwa, na ndiyo hiyo wajanja huifagia diski ikijaa wakidhani ni takataka. Baadaye programu haiondoki, haitengenezeki, wala haisasishwi, na aliyefuta ameshasahau. Tafuta faili za usakinishaji za toleo lile lile, urudishe kilichokosekana. Microsoft wenyewe walitoa skripti, FindSQLInstalls.vbs, ya kuonyesha ni kipi kimepotea. Kazi yenyewe inachosha, sikatai.

Mara nyingine Windows inasubiri tu kuzimwa na kuwashwa upya. Basi.

Mteja wangu mmoja, muuza vifaa vya ujenzi, alifomatiwa hivyo mwaka 2023 kabla hajanijua. Madeni ya miaka minne yalipotea. Wachache waungwana walikuja kulipa wenyewe, wengine siku hizi wanapita upande wa pili wa barabara. Na uchungu ni huu: kuondoa instansi kwa kawaida hakufuti faili za hifadhidata za mteja, zile za .mdf na .ldf. Fundi angesimamisha huduma, azinakili kwenye flashi, kisha azifungue kwenye kompyuta nyingine yenye toleo lile lile au jipya zaidi kuhakikisha ziko sawa. Toleo la zamani halizifungui.

Najua mtaniandikia kwamba amri ya sc delete inamaliza kazi. Haimalizi. Inaondoa huduma peke yake, rejista inabaki na jina, na siku utakayosakinisha tena kwa jina lilo hilo utaambiwa limeshachukuliwa.