Mchoraji wa senema asilisahau daftari lake

Wasomaji wengi wa Pwani wakisikia jina la Juja, huwajia akilini chuo kikuu na watoto wetu waliopelekwa huko kusoma. Si ajabu. Chuo cha Jomo Kenyatta kilianza pale mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994, na tangu hapo mabasi ya Mombasa hayajaacha kutupakilia vijana. Lakini leo sikusudii kuzungumza juu ya chuo. Nakusudia kuzungumza juu ya kijana mmoja, mtoto wa dada yangu, aliyesomea uchoraji wa majengo pale, akamaliza, akabaki huko huko Juja katika chumba kimoja cha kupanga. Kazi inayompa chakula ni kuwachorea watu wa senema.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Baada ya salamu na kikombe cha chai nilimwomba anionyeshe daftari lake. Anayemjua kijana huyu tangu utotoni ataelewa kwa nini niliuliza. Alipokuwa mdogo, hapo Mji wa Kale, hakutoka nyumbani bila daftari. Alichora milango, alichora vidaka, alichora majahazi yaliyotia nanga Bandari ya Kale, alichora wazee wakicheza bao barazani hata wengine wakamfukuza. Nilitazamia kuona Juja yote imo karatasini. Akainama, akasema, "Mjomba, daftari sina. Nimechora mwaka mzima, na hata karatasi moja si yangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza tuelezane kazi yenyewe, maana wengi wetu tukitazama senema tunamwona mchezaji tu. Kabla ya mchezaji kufungua mlango, yuko mtu aliyeuchora mlango ule. Mchoraji wa senema hupewa hadithi, akaisoma, akaorodhesha kila mahali panapotajwa: jikoni, gerezani, dukani, barabarani. Kisha huchora kila mahali patakavyoonekana, akatoa na vipimo ili seremala ajue urefu wa ukuta na mpaka rangi ajue ukuta uonekane mpya au uliokula chumvi ya bahari. Ukuta wenyewe mara nyingi ni mbao nyembamba, nyuma yake hamna kitu. Senema ikiisha kupigwa, ukuta hubomolewa, na mchoro hubaki kwa mwenye kampuni.

Na hubaki kwake kwa sheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kama wenyewe wameandikiana vinginevyo. Basi kijana aliposema karatasi hata moja si yake hakuwa akilia kilio cha msanii. Alikuwa akieleza hali ilivyo. Anachokichora kwa malipo si chake. Kilicho chake ni kile tu anachokichora bila kuagizwa na mtu.

Sasa wako watakaosema: kama ni hivyo, aache senema, achore vyake. Mimi si katika hao. Kodi ya chumba hailipwi kwa picha za majahazi. Isitoshe, kazi ya senema ina mafunzo yake: inamfundisha mtu kupima, kumaliza kwa wakati, na kuchora kitu ambacho mwenzake atakijenga kesho asubuhi bila ya kumuuliza. Stephen Grimes, Mwingereza aliyefanya kazi miaka mingi na mwongozaji John Huston, ndiye aliyesimamia sura ya ile senema ya "Out of Africa" ya mwaka 1985, ambayo kwa ajili yake Nairobi ya miaka ya 1910 ilijengwa upya huko Langata. Mwaka 1986 yeye na mwenzake Josie MacDonald walipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Si kazi ya kudharau. Ninalolisema ni kwamba kazi ya kuagizwa isiimeze ile ya nafsi, kwa sababu ile ya nafsi ndiyo inayoilisha hii ya kuagizwa.

Ushahidi ninao, na ni wa kijana mwenyewe. Kampuni moja ilitaka senema yenye nyumba ya Mswahili. Wakamletea picha walizookota huku na huko: kuba kama la jumba la kifalme la Bara Hindi, mlango wa nakshi umewekwa jikoni, na mbele ya nyumba hapana hata baraza. Kijana akawaambia nyumba hiyo haiko Pwani yetu. Wakamuuliza, "Iko wapi basi?" Akafungua sanduku, akatoa daftari alilolichora akiwa na miaka kumi na minne. Mlango mkubwa ulikuwepo, na baraza mbili za mawe kushoto na kulia, na daka la kupokelea wageni, na ukuta wa vidaka ndani kabisa. Wakajenga kutoka humo. Daftari la mtoto, ambalo hakuna aliyelitolea senti, ndilo lililookoa heshima ya nyumba zetu katika senema ile.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Akiba ile aliiweka utotoni, na sasa anaitumia bila ya kuiongeza. Miaka kumi ijayo atawaonyesha nini?

Tutazame na wengine waliopita njia hii. Shadi Abdel Salam wa Misri alisomea ujenzi wa majumba kama huyu mpwa wangu. Akawachorea wengine mavazi na mandhari, ikiwamo senema ya Youssef Chahine juu ya Salahuddin ya mwaka 1963, kisha akaongoza yake mwenyewe, "Al-Mumia," ya mwaka 1969. Baada ya hapo alishika miaka mingi akichora senema ya Firauni Akhenaten, karatasi juu ya karatasi, mavazi, vyombo na kumbi. Mauti yalimkuta mwaka 1986 senema haijapigwa. Mtu wa haraka atasema alipoteza wakati. Lakini michoro ile ipo, na Maktaba ya Alexandria imeyawekea maonyesho ya kudumu makumbusho yake, na watu huingia kuitazama. Senema haikuwepo, mchoro ukabaki. Mara nyingi tunadhani ni kinyume.

Satyajit Ray wa Calcutta naye alikuwa mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara. Senema yake ya kwanza, "Pather Panchali," iliyotoka mwaka 1955, aliitayarisha kwa daftari la michoro. Alipopata sifa dunia nzima hakuitupa kalamu. Aliendelea kulichorea gazeti la watoto lililoanzishwa na babu yake.

Na karibu zaidi na kwetu yuko Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru. Alipata kibarua katika Hospitali ya Muhimbili, na baada ya kazi alichora wanyama na ndege kwa rangi za dukani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Dar es Salaam kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka arubaini tu. Miaka thelathini na minane baadaye, mwaka 2010, watoto wa Uingereza wakaanza kuonyeshwa hadithi za wanyama katika televisheni, zilizotengenezwa Nairobi na vijana wetu, kwa namna ile ile ya uchoraji na kwa jina lake. Hakuna aliyemwagiza Tingatinga achore kwa ajili ya senema. Alichora ya kwake, na senema ndiyo iliyomfuata.

Najua liko swali ambalo baadhi ya wazee wanalo kifuani, nalo ni la picha za viumbe. Sitajitia kulitolea hukumu. Masheikh wapo na waulizwe. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni kuta, milango, mazulia, taa na mitaa. Mafundi wa Siyu waliopamba misahafu na mafundi wa Lamu waliochonga milango walikuwa watu wa mistari na vipimo kabla hatujaijua senema. Mtoto wa Pwani anayechora mlango hatoki katika njia ya wazee wake.

Tena iko haja. Mwaka 2021 ilitoka senema ya "Vuta N'Kuvute," aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inayoeleza Zanzibar ya miaka ya 1950. Senema kama hiyo haiwezi kufanywa bila ya watu wanaojua kitanda kilikuwaje na taa ilining'inia wapi. Zitakuja nyingine, inshallah. Ikiwa watoto wetu hawatakuwa na madaftari, wataulizwa wasioijua hata tofauti ya baraza na varanda, na sisi tutakaa mbele ya televisheni tukinung'unika.

Basi ushauri wangu kwa kijana wa Juja na wenzake ni huu. Kwanza, saa moja baada ya sala ya Alfajiri iwe ya daftari, kabla simu haijaanza kulia. Saa hiyo haina mwenye kampuni. Pili, kabla ya kutia sahihi mkataba, waombe yaandikwe mawili: kwamba mchoraji atabaki na nakala za michoro yake na ataruhusiwa kuionyesha, na kwamba michoro aliyokuwa nayo kabla ya kazi inabaki kuwa yake hata ikitumiwa. Sheria yenyewe imeacha mlango wazi kwa makubaliano, asiyeomba hapewi. Tatu, waandike tarehe na mahali chini ya kila mchoro. Na wasingoje mpaka warudi Pwani ndipo wachore. Juja nayo ina vya kuchorwa: mashamba ya kahawa, wanafunzi wanaovuka barabara kuu ya Thika jioni, vibanda vya mahindi ya kuchoma.

Kwa wazazi nina neno moja. Dada yangu alinipigia simu mara tatu akitaka nimshawishi mwanawe atafute "kazi ya maana" afisini. Namjibu hapa hadharani, anisamehe: kazi anayo. Anachokihitaji ni mtu wa kumuuliza, kila anapokuja likizo, amechora nini. Sisi tuliomfukuza barazani tulimuuliza lini?

Siku ya kuondoka tulipita Thika, nikanunua daftari la karatasi nzito, kurasa mia. Alilipokea kwa mikono miwili kama tulivyomlea. Nikamwambia sitaki ahadi, nataka kuliona. Idi ijayo akija Mombasa, Mungu akipenda, nitaliomba kabla ya kumpa mkono wa Idi.