Usitupe Vilele vya Miwa



Wengi wetu hapa Kyela tunalima mpunga na kakao. Miwa tunapanda kidogo tu, bondeni au karibu na nyumba. Tukiikata tunatafuna au kukamua maji yake. Yanayobaki tunatupa. Hapo tunatupa mali.

Tuanze na vilele. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka na maziwa ya ng'ombe hupungua. Vilele vya miwa ni vibichi hata wakati huo. Vikate vipande vifupi, urefu wa kidole, uvitie horini. Ukivitoa vizima, ng'ombe atakula majani na kuacha sehemu ngumu. Lakini vilele peke yake havitoshi, kwa sababu vinatia nguvu tu, havijengi mwili. Changanya na majani ya viazi vitamu. Mpe pia chumvi na maji mengi.

Sasa makapi. Katika kiwanda cha sukari cha Kilombero, makapi huchomwa ili kuendesha mitambo na kutoa umeme. Wewe una mafiga. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha pikia. Yanawaka upesi na kuisha upesi, basi yafaa chai, si maharage. Hata hivyo, safari za kuni zitapungua, na akina mama wanajua uzito wa mzigo huo.

Makapi mabichi yakikaa lundo huleta nzi. Yatie shimoni pamoja na samadi, tabaka kwa tabaka. Yakioza, peleka mboji hiyo kwenye migomba.

Majani makavu usiyachome. Yatandaze kati ya mistari ya miwa, yazuie magugu na kutunza unyevu wa machipukizi.