Washauri Wazalendo Wapewe Nafasi ya Kupata Uzoefu

Kila mara Serikali inapotangaza zabuni ya kazi ya ushauri, iwe ni upembuzi yakinifu wa barabara, usanifu wa mradi wa maji au utengenezaji wa mfumo wa hesabu, sharti moja halikosekani: mwombaji aonyeshe kazi kadhaa za aina hiyo hiyo alizokwisha kuzikamilisha. Kwa juu juu sharti hili ni la busara, kwani fedha za umma si za kufanyia majaribio. Lakini yafaa tujiulize: kijana wa Kitanzania aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi atazipata wapi kazi hizo za kwanza, ikiwa kila mlango anaobisha huulizwa kwanza habari za mlango uliotangulia?

Hapo zamani tulikuwa na udhuru. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulitayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Tulipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ramani kuu ya mji, iliyotoka mwaka 1976, ilichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1973 tu, na wazalendo wenye ujuzi huo walihesabika kwa vidole. Leo hali si hiyo. Wahandisi, wabunifu majengo, wakadiriaji majenzi na wachumi wetu wamejaa, na bodi za kuwasajili zipo.

Hebu tuangalie hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika zabuni nyingi za ushauri mwombaji huleta mapendekezo mawili, la kiufundi na la fedha. La fedha halifunguliwi mpaka lile la kwanza lifikie alama zilizowekwa. Tuseme, kwa mfano, ufundi umepewa uzito wa asilimia 80 na bei asilimia 20. Kampuni ya kigeni inapata alama 90 za ufundi na inataka shilingi milioni 400. Kampuni yetu inapata alama 78 na inataka milioni 300. Ya kigeni inajikusanyia 72 za ufundi na 15 za bei, jumla 87. Yetu inapata 62.4 na 20, jumla 82.4. Mzalendo ameshindwa, ingawa bei yake ni ndogo kwa robo nzima. Na zile alama 12 zilizomwangusha aghalabu hazitoki katika namna alivyopanga kuifanya kazi. Hutoka katika orodha ya kazi za zamani na umri wa vyeti vya wataalamu wake.

Matokeo yake yanajulikana na kila aliyewahi kukaa katika kamati ya tathmini. Kampuni changa huazima wasifu wa mtaalamu mzee, ambaye jina lake limo katika zabuni tano kwa wakati mmoja, na kazi ikipatikana haonekani. Nyingine hujiunga na kampuni kubwa ya nje kwa jina tu: mgeni anachukua usanifu na sehemu kubwa ya malipo, mwenyeji anaachiwa kukusanya takwimu vijijini. Kuuita ushirika huu uhawilishaji wa ujuzi ni kujidanganya.

Sheria si adui katika jambo hili. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 iliweka vifungu vya upendeleo kwa wazalendo, na ile ya mwaka 2023 iliyochukua nafasi yake imeendelea na njia hiyo. Mfumo wa NeST umepunguza safari za kubeba makabrasha na mianya ya kunong'onezana mlangoni. Ipo pia Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Lakini ni mshauri gani mdogo atakayethubutu kukata rufani dhidi ya ofisi ambayo mwakani atarudi kuiomba kazi?

Hatuna budi kusema pia kwamba wapo washauri wetu wanaojiharibia wenyewe. Wanateremsha bei hadi mahali ambapo kazi haiwezi kufanyika, kisha wanaleta ripoti iliyonakiliwa kutoka mradi mwingine, hata jina la wilaya halikubadilishwa. Hao wasitetewe. Hata hivyo, mwajiri anayekaa na hati ya madai kwa miezi mingi bila kuilipa naye asishangae wataalamu wazuri wakihama kampuni hiyo.

Hadidu za rejea haziandikwi na Bunge. Zinaandikwa na watumishi ofisini, wengine wakinakili za mwaka jana. Ni hao wanaoweza kuigawa kazi kubwa katika sehemu ambazo kampuni changa inazimudu, kuupa uzito zaidi mpango wa kazi kuliko wingi wa kazi za zamani, na kuhesabu uzoefu wa mtaalamu mwenyewe pale kampuni yake inapokuwa mpya. Aidha, ushirika na kampuni ya nje upewe alama pale tu mkataba unapotaja ni mzalendo yupi atakayesanifu nini, na kwa malipo gani.